Sudan Kusini ndani ya Jumuiya: mlango ulifunguka, masharti yakabaki nje

Kumbukumbu za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinaonyesha kwamba Sudan Kusini ilianza kuwa mwanachama kamili tarehe 15 Agosti 2016. Mwezi huohuo, wilayani Yumbe, kaskazini-magharibi mwa Uganda, yalifunguliwa makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi. Kabla mwaka haujaisha yalikuwa na watu zaidi ya laki mbili na nusu, karibu wote kutoka Sudan Kusini, na yakahesabiwa miongoni mwa makazi makubwa kabisa ya wakimbizi duniani. Arusha walikuwa wanapandisha bendera ya sita. Yumbe watu walikuwa wanapimiwa vipande vya ardhi vya kusimika mahema ya turubai.

Kwa kawaida habari hizi mbili huandikwa kurasa tofauti, moja kwenye habari za mtangamano na nyingine kwenye habari za vita. Mimi naziweka pamoja kwa sababu ni kisa kimoja. Juba iliomba kuingia, ikachunguzwa, ikajadiliwa na ikapokelewa, na kwa miaka mitano yote hiyo wakubwa walijadili zaidi ni lini itaingia kuliko kujadili ikishaingia nani ataidai ilichoahidi. Tangu hapo Jumuiya imepokea nchi nyingine mbili kwa mwendo uleule, kwa hiyo kisa hiki hakijawa historia bado.

Walikuwa ndani kabla ya kuomba

Ombi la Juba halikumshangaza mtu. Mazungumzo ya kumaliza vita vya Sudan yalifanyika Machakos mwaka 2002, yakahamia Naivasha, na mkataba wa amani ukatiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. John Garang, kiongozi wa waasi wa kusini, aliwahi kupita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akiwa kijana, na alipofariki Julai 2005 alikuwa ndani ya helikopta ya rais wa Uganda, akitoka kumwona Museveni. Lokichoggio, kimji cha Turkana karibu na mpaka, kilikuwa kituo cha ndege za misaada tangu 1989. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na humo kizazi kizima cha Wasudan Kusini kilisoma kwa mtaala wa Kenya na kufanya mitihani ya Kenya. Wengine walikulia Adjumani, Gulu na Kampala. Waliporudi nyumbani baada ya 2005 walirudi na Kiswahili chao, na jamaa waliobaki Nairobi na Kampala, na mazoea ya kuangalia kusini wanapotaka shule, hospitali au bidhaa.

Biashara ikawafuata. Benki ya KCB ilifungua Juba mwaka 2006, Equity ikaingia 2009. Waganda walijaa soko la Konyo Konyo wakiuza nyanya, ndizi, mayai na unga. Bodaboda nyingi za mji ziliendeshwa na vijana kutoka ng'ambo ya mpaka. Nchi haikuwa na viwanda vya kutajika, wala barabara kuu ya lami kutoka nje, mpaka barabara ya Juba hadi Nimule mpakani na Uganda, kilomita 192, ilipokamilika mwaka 2012 kwa fedha za Marekani. Kabla ya hapo lori lililotoka Mombasa likapita Malaba na Gulu lilikuwa limebakiza sehemu ngumu kuliko zote.

Kwa hiyo Sudan Kusini ilipopata uhuru tarehe 9 Julai 2011 na kuomba kujiunga mwaka huohuo, ilikuwa inaomba cheti cha ndoa ambayo tayari ina watoto. Mafuta tu ndiyo yaliyokwenda upande mwingine, kaskazini, kwa bomba hadi Port Sudan kwenye Bahari ya Shamu. Na mafuta ndiyo yaliyoleta karibu mapato yote ya serikali.

Mtihani wa Kifungu cha 3

Mkataba wa Jumuiya, uliotiwa saini Novemba 1999, unaeleza katika Kifungu cha 3 mambo ya kuangaliwa nchi inapoomba. Ikubali Jumuiya kama Mkataba ulivyoiweka. Iheshimu utawala bora, demokrasia, utawala wa sheria, haki za binadamu na haki ya kijamii. Iwe na kitu cha kuchangia katika mtangamano. Iwe karibu kijiografia na itegemeane na wenzake. Uchumi wake uendeshwe na soko. Sera zake za kijamii na kiuchumi zipatane na za Jumuiya.

Ukisoma kwa makini utaona kwamba Mkataba unawaagiza wakuu wa nchi *wayazingatie* mambo haya. Hausemi kwamba likikosekana moja basi ombi linaanguka, na hautoi kipimo. Demokrasia kiasi gani? Utawala wa sheria wa kiwango cha nani? Hakuna sura 35 za kufungua na kufunga moja moja kama wafanyavyo Umoja wa Ulaya, wala tume yenye mamlaka ya kusema nchi fulani haijaiva. Kamati ya uhakiki huenda, huandika ripoti, na ripoti huishia mezani kwa marais.

Mkutano wa Wakuu wa Nchi uliofanyika Bujumbura Novemba 2011 ulitoa majibu mawili. Sudan ya Khartoum, iliyoomba nayo mwaka huo, ilikataliwa. Mojawapo ya sababu zilizotajwa ni kwamba haikupakana na mwanachama yeyote. Sudan Kusini iliambiwa isubiri uhakiki. Hapo utaona kigezo pekee kilichofanya kazi bila ubishi, kwa sababu kupakana hakuhitaji maoni: unatazama ramani.

Vigezo vingine vilikuwa vinapata majibu kila siku, kwa yeyote aliyetaka kuyasoma. Januari 2012 serikali ya Juba ilifunga visima vyake vya mafuta kwa sababu ya ugomvi na Khartoum kuhusu ada ya kupitisha mafuta, na mapato ya taifa yakakauka kwa zaidi ya mwaka. Mwaka 2013 ikatangaza kwamba wageni wasiendeshe bodaboda mjini. Septemba 2014 ukatoka waraka ukiyataka makampuni na mashirika yawaondoe wafanyakazi wa kigeni na kuajiri wazawa. Kelele zilipozidi, serikali ikaanza kusema haikueleweka vizuri. Hebu fikiria: nchi iko katikati ya mazungumzo ya kuingia kwenye soko la pamoja, ambalo nguzo yake ni mtu kuvuka mpaka akafanye kazi, na wakati huohuo inamfukuza kijana wa Arua, Uganda, kwenye pikipiki yake. Sijaona mahali ambapo jambo hilo lilihesabiwa dhidi ya ombi.

Kisha vita. Tarehe 30 Novemba 2013 wakuu wa nchi walikutana Kampala, wakatia saini Itifaki ya Umoja wa Fedha, na mazungumzo na Juba yakapangiwa kuendelea. Wiki mbili baadaye, tarehe 15 Desemba, risasi zililia katika kambi ya walinzi wa rais mjini Juba. Rais Salva Kiir akamtuhumu aliyekuwa makamu wake, Riek Machar, kwa jaribio la mapinduzi. Mauaji yakaenea kwa misingi ya kabila, kwanza mjini, kisha Bor, Bentiu na Malakal.

Uganda haikukaa pembeni. Ilipeleka jeshi lake kumsaidia Kiir na halikuondoka hadi mwishoni mwa 2015. Maana yake ni kwamba mmoja wa waliokaa mezani kupima kama Sudan Kusini ina amani na utawala wa sheria alikuwa na askari wake ndani ya vita hivyo, upande wa mwombaji. Tanzania ilijaribu njia nyingine. Januari 2015 iliwakutanisha Arusha makundi ya chama tawala cha SPLM na wakatia saini makubaliano ya kuungana tena. Upatanishi mkuu, hata hivyo, ulikuwa wa IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na majirani zake, na ulifanyika Addis Ababa. Jumuiya yenyewe, kama taasisi, haikuwa na mkono wa maana katika kumaliza vita vya nchi iliyokuwa inataka kuipokea.

Mwaka 2016

Agosti 2015 Kiir alitia saini mkataba wa amani huku akiambatisha orodha ya mambo asiyokubaliana nayo. Miezi miwili haijapita, Oktoba, akatoa amri ya kugawa nchi kutoka majimbo 10 hadi 28, kinyume cha mkataba uliojengwa juu ya majimbo 10. Desemba serikali ikaacha paundi ielee. Kiwango rasmi kilichokuwa karibu paundi tatu kwa dola kikaruka hadi zaidi ya 18 kwa siku moja. Mfanyabiashara wa Kampala aliyekuwa anadai paundi mjini Juba alilala na mali akaamka na makaratasi.

Tarehe 2 Machi 2016, Arusha, Mkutano wa Wakuu wa Nchi ukaipokea Sudan Kusini. Tarehe 15 Aprili Kiir na John Magufuli, aliyekuwa mwenyekiti wa Jumuiya, wakatia saini mkataba wa kujiunga Ikulu ya Dar es Salaam. Siku 11 baadaye Machar akarejea Juba kuwa makamu wa kwanza wa rais. Kwa wiki chache picha ilikuwa nzuri, na nakiri kwamba aliyetazama kutoka mbali angeweza kuamini kuwa mpango umetimia.

Kwa nini walikubali wakati ule? Naona sababu tatu, na hazina uzito sawa. Kubwa ni biashara. Kwa Uganda Juba lilikuwa soko muhimu kuliko masoko mengi ya mbali, na kwa Kenya kulikuwa na benki, bima, ndege na ndoto ya bandari ya Lamu. Ya pili ni imani, ambayo siidharau, kwamba nchi iliyofungwa ndani ya kanuni za pamoja na majirani itapata sababu ya kutulia. Burundi na Rwanda ziliingia mwaka 2007 zikiwa na majeraha yao, na hazikugeuzwa mlangoni. Ya tatu ni adabu ya marais kwa marais. Mwenzako akishabisha hodi mara tatu unaona haya kumwacha barazani.

Tarehe 8 Julai walinzi wa Kiir na wa Machar walipigana nje ya ikulu ya Juba wakati viongozi hao wawili wakiwa ndani. Siku nne za mapigano, helikopta za kivita na vifaru katikati ya mji. Machar akakimbia kwa miguu kupitia Equatoria, eneo la kusini mwa nchi, hadi Kongo, na vita vikamfuata huko Equatoria ambako kabla ya hapo palikuwa na utulivu wa kiasi. Ndiyo maana Bidi Bidi ilijaa kwa kasi ile. Wakulima wa Yei na Kajo Keji walivuka mpaka kwa maelfu kwa siku. Agosti 2017, mwaka mmoja baada ya uanachama, Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba Wasudan Kusini waliokimbilia Uganda wamepita milioni moja.

Taratibu za kujiunga hazikusimama hata siku moja. Hati ya kuridhia ikakabidhiwa Arusha mapema Septemba, wakati mfumuko wa bei ukielekea kupita asilimia 800 kwa mwaka.

Hesabu ya baada ya kuingia

Jaribio la kwanza lilikuja mapema, na lilihusu wabunge. Mkataba unataka Bunge la kila nchi lichague wajumbe tisa wa Bunge la Afrika Mashariki kutoka nje ya wabunge wake, wakiwakilisha vyama, jinsia na makundi maalumu kadiri inavyowezekana. Juba iliona njia fupi, rais akateua majina tisa. Raia wa Sudan Kusini wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki, na Mahakama ikazuia wateule hao wasiapishwe. Mwishowe uteuzi ukaachwa na utaratibu ukaanza upya.

Nimelichukua jambo hili kama tukio bora kuliko yote katika kisa kizima, ingawa halikupata vichwa vikubwa vya habari. Raia wa nchi ambayo mahakama zake haziwezi kumgusa rais alipata mahakama nyingine, Arusha, na ikamsikiliza. Kama mtu ataniuliza uanachama uliwasaidia nini watu wa kawaida wa Sudan Kusini, nitaanzia hapo. Kesi hiyo haikusukumwa na serikali yoyote. Ilisukumwa na watu wawili watatu wenye mafaili chini ya kwapa.

Kwingine hesabu haipendezi. Chukua viza. Itifaki ya Soko la Pamoja imekuwa ikitumika tangu 2010, lakini Msudan Kusini aliendelea kuhitaji viza kuingia Kenya na Uganda, na Mkenya na Mganda kuingia Sudan Kusini, hadi mwaka 2021. Miaka mitano ndani ya nyumba moja, na kila mmoja anabisha mlango wa chumba cha mwenzake na kulipia dola mlangoni. Hapa lawama haiendi Juba peke yake. Nairobi na Kampala nazo zilikuwa zinakusanya ada hizo bila aibu.

Ushuru ni shida ndefu zaidi. Forodha ya Jumuiya inataka bidhaa za ndani zipite bila ushuru na bidhaa za nje zitozwe kwa viwango vya pamoja. Sudan Kusini iliingia na viwango vyake na maafisa wake, na nchi ambayo hazina yake inategemea mafuta yanayokatika huyaona malori ya mpakani kama kisima cha pili. Ukienda Elegu upande wa Uganda, siku ambazo mambo yamekwama, foleni ya malori inarudi nyuma kilomita kadhaa kuelekea Atiak. Dereva ana hati za forodha zilizokamilika tangu Mombasa. Anavuka mpaka kuingia Nimule na hapo hesabu inaanza upya: ada ya hiki, kibali cha kile, kwa dola, na risiti si lazima. Akitoka Nimule kuna vizuizi njiani, kingine cha polisi, kingine cha jeshi, kingine cha watu wenye bunduki ambao hujui wanamtumikia nani. Mwaka 2021 madereva waliuawa kwenye barabara hiyo, na wenzao kutoka Kenya na Uganda wakagoma, wakapaki Elegu wakidai ulinzi.

Mei 2023 maafisa wa Sudan Kusini walizuia malori ya mahindi ya Uganda wakidai yana sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Kwamba sumukuvu ipo kwenye mahindi ya ukanda huu hakuna anayebisha, na Kenya iliwahi kufanya vilevile Machi 2021. Lakini Jumuiya ina viwango vya pamoja vya mahindi na utaratibu wa kutambua vyeti vya maabara za wenzake, na siku ile hakuna aliyeukumbuka. Mahindi yalikaa kwenye jua mpakani huku serikali mbili zikipigiana simu. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya tozo mpya: Mei 2024 malori ya mafuta ya Umoja wa Mataifa yalikwama mpakani kwa sababu ya kodi zilizobuniwa ghafla, na udondoshaji wa chakula kwa ndege kwa wenye njaa ukasimamishwa hadi serikali ilipolegeza.

Na kuna michango. Kwa muda wote huo bajeti ya Jumuiya iligawanywa sawa kwa sawa, Sudan Kusini ikitakiwa kulipa sawasawa na Kenya. Mpango huo si wa haki kwa nchi maskini, na mjadala wa kuubadili umekuwa wa miaka mingi. Lakini Juba iliujua ilipotia saini, na jina lake limekuwa halikosekani kwenye orodha ya wadaiwa sugu. Matokeo yake yanaonekana Arusha kwenyewe: vikao vya Bunge kuahirishwa, mishahara ya watumishi kuchelewa, kesi kusubiri kwa sababu majaji hawana fedha za kukaa.

Kifungu ambacho hakuna anayekigusa

Wengi husema Jumuiya haina meno. Kwa maandishi inayo. Kifungu cha 146 kinawaruhusu wakuu wa nchi kumsimamisha mwanachama anayeshindwa kutimiza misingi na malengo ya Mkataba, na kinataja waziwazi kutolipa michango kwa miezi 18. Kifungu cha 147 kinaruhusu kumfukuza. Na kwa kuwa maamuzi yao hufanywa kwa kauli moja, waliouandika Mkataba waliona mtego: mtuhumiwa angeweza kuzuia adhabu yake mwenyewe. Kwa hiyo Kifungu cha 148 kinasema msimamo wa nchi inayojadiliwa hauhesabiwi. Sheria iko tayari, imenolewa, na haijawahi kutumika.

Sababu si siri. Kila rais mezani ana faili lake. Leo ukimsimamisha Kiir kwa michango, kesho watauliza habari ya kura zako, au wapinzani wako walioko korokoroni, au askari wako walioko nchi ya jirani. Kauli moja ya waliobaki ni ngumu kuipata kama kila mmoja wao anahisi kwamba foleni ni ileile na zamu yake itafika.

Kilichotokea badala yake ni kwamba tarehe 24 Novemba 2023, Arusha, Salva Kiir alikabidhiwa uenyekiti wa Jumuiya. Uenyekiti huzunguka, ilikuwa zamu yake, hakuna kanuni iliyovunjwa. Ndicho kinachonisumbua. Mkutano huohuo ukaipokea Somalia, iliyokuwa imeomba tangu 2012. Kabla yake, Kongo iliomba Juni 2019, ikapokelewa Machi 2022, na Juni mwaka huo waasi wa M23 wakauteka mji wa Bunagana, mashariki mwa Kongo, huku mwanachama mmoja akimtuhumu mwingine kuwa nyuma yao. Jumuiya ikapeleka kikosi cha kikanda, na baada ya mwaka mmoja Kinshasa ikakiondoa. Ukitazama mfululizo huo utaona kwamba kilichofanyika na Sudan Kusini kiligeuka kuwa desturi: pokea kwanza, masharti yatafuata.

Kuna hoja ya upande wa pili na sitaki kuipita. Ingewekwa nje, wakimbizi wangevuka vilevile, malori yangekwenda vilevile, na raia wale wawili watatu wasingekuwa na mahakama ya kukimbilia. Nakubaliana nayo. Pia siamini kwamba kungojea demokrasia ikamilike Juba ingekuwa busara, kwa sababu wanachama wenyewe wasingefaulu mtihani huo. Nilichokitamani ni kidogo zaidi na kingewezekana: kuingia kwa ngazi. Mwanachama mpya angeanza na forodha na barabara, kwa tarehe zilizoandikwa, na asingekaa kiti cha uenyekiti wala kupiga kura juu ya wengine mpaka amalize deni na aondoe vizuizi vya Nimule. Mkataba wa kujiunga hujadiliwa na kuandikwa upya kwa kila nchi, kwa hiyo nafasi ya kuweka ngazi ilikuwepo mwaka 2016, ikawepo tena 2022 na 2023.

Kwa upande wa Juba, nyumbani mambo yamebaki yalivyokuwa yakienda. Mkataba wa amani ulifufuliwa Septemba 2018. Uchaguzi wa kwanza tangu uhuru ulipangwa Desemba 2024, ukasogezwa hadi Desemba 2026. Machi 2025 Machar akawekwa kizuizini nyumbani kwake, na Septemba akafunguliwa mashtaka ya uhaini. Jumuiya ilitoa taarifa.

Mafuta nayo yanaeleza sehemu yake ya kisa. Tarehe 2 Machi 2012, miaka minne kamili kabla ya Arusha kufungua mlango, Kiir alisimama Lamu pamoja na Mwai Kibaki na Meles Zenawi kuzindua mradi wa bandari, reli, barabara na bomba ambalo lingetoa mafuta ya Sudan Kusini hadi Bahari ya Hindi. Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Bomba halijajengwa. Vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, bomba la kaskazini likabaki katikati ya uwanja wa mapigano, na Februari 2024 likapasuka. Sehemu kubwa ya mafuta haikuuzwa nje mwaka ule, na walimu na askari wa Sudan Kusini wakakaa miezi mingi bila mshahara. Mwaka 2025 mafuta yakaanza kutiririka tena, kwa njia ileile ya Port Sudan.